Minazi ya Mitume

Miraji aliingia shambani bila kupiga hodi, akaanza kuhesabu. Alifuata mstari mmoja mmoja, akigusa kila mche wa mnazi kwa ncha ya fimbo yake, na alipofika mwisho akarudi kuhesabu upya kama mtu asiyeyaamini macho yake. Laurenti alikuwa amechutama katikati ya kunde. Aliinuka polepole, mkono kiunoni, akangoja asalimiwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Minazi hii kapanda nani?"

"Nimepanda mimi. Mvua za kwanza za masika."

Miraji aliuliza kwa nini iwe kumi na miwili, isiwe kumi wala ishirini. Laurenti alifurahi kuulizwa. Alimshika kijana mkono, akampitisha shambani na kumtajia: huyu wa njiani Petro, anayefuata Andrea, kisha Yakobo na Yohane, mpaka wa mwisho kabisa karibu na kichaka cha mikoko. Kila asubuhi alisimama mbele ya mmoja wao akasali, na siku kumi na mbili zikiisha alianza tena.

"Na yule aliyemuuza bwana wake? Yuda. Yuko wapi tumng'oe kwanza?"

"Yuda hayumo," Laurenti alijibu bila kutabasamu. "Mahali pake nimempanda Matiya."

Miraji alicheka mpaka akaegemea fimbo. Kisha kicheko kikamwisha, akaufuta uso kwa kiganja. "Mzee, hawa mitume wako hawakuombewa mahali. Aliyeombewa ni wewe na mihogo yako. Wazee wanakuita kesho baada ya sala ya Ijumaa."

Akaondoka kwa njia ile ile aliyojia. Praxeda, mke wa Laurenti, alikuwa mlangoni akipembua mchele, na alikuwa amesikia yote. Aliutikisa ungo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na chuya zikaruka mpaka uani.

Walikuwa wamekaa Mwanyungu miezi tisa, kijiji cha Waislamu kilicho mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Tanga kwa njia ya Pangani. Kabla ya hapo Laurenti alikuwa fundi wa nyaya katika kampuni ya umeme kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alisema ametia mwanga katika nyumba za watu vya kutosha, sasa anataka kukaa na Mungu gizani, na jembe, rozari na kitabu cha Injili. Padre alimshauri jambo kama hilo alizungumze kwanza na mkewe. Laurenti alilizungumza na mkewe kwa kumwambia siku ya kuhama. Siku hiyo, katika nyumba yao ya Mabawa, alipanda juu ya kiti, akaifungua balbu ya taa ya chumbani, akamkabidhi mwanawe Rafaeli kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Shamba lilikuwa la akina Mwinyijuma, rafiki yake wa zamani, ambaye wakati wa ujana alichimba mashimo ya nguzo za umeme naye Laurenti akazivuta nyaya juu yake. Mwinyijuma alisema, njoo ulime, mahali papo. Hakusema alime nini, kwa sababu pwani yote mtu hamwelezi mwenzake jambo ambalo hata mtoto analijua. Lakini Laurenti alizaliwa Ufipa na kukulia katika kambi ya mkonge, ambako ardhi yote ilikuwa ya kampuni na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mwenzake juu ya mti.

*

Barazani kwa Mwinyijuma kulikuwa na kiti kimoja, na Laurenti alipewa hicho. Wengine wote walikaa mkekani, miguu wameikunja, wakimtazama kutoka chini. Alijaribu kuteremka akae nao. Wakamzuia kwa adabu, mgeni akae kitini, na adabu ile ilimkaa vibaya kuliko matusi.

Aliyesema alikuwa Mzee Sadalla, mkubwa wa ukoo, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Alieleza kama anavyoelezwa mtoto. Mhogo, kunde, mahindi, choroko, hivyo mtu hulima kwenye shamba la mwenziwe miaka hata ishirini, akaondoka, na shamba likabaki la mwenyewe. Mti wa kudumu ni habari nyingine. Mwenye kupanda mnazi ameweka mkono wake juu ya ardhi. Kesho watoto wake watakuja kuangua nazi, keshokutwa watasimama mbele ya kadhi na kusema shamba ni la baba yao, na kadhi atauliza nani alipanda. Tena shamba hili halikuwa la Mwinyijuma peke yake. Miraji alikuwa na fungu la marehemu baba yake humo, na bado lilikuwa halijagawanywa.

Laurenti alijibu kwamba hana haja na ardhi ya mtu. Ameacha nyumba ya matofali yenye taa tatu, sembuse ardhi. Minazi ile ni ibada yake. Watu waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyemkatiza, na hilo lilimpa moyo, akaendelea kusema mpaka maneno yakaanza kujirudia.

Ndani, nyuma ya pazia la mlango, Praxeda alikaa na Bi Mwamvua, mke wa Mwinyijuma, wakisikiliza. Mwamvua alimwinamia sikioni. "Mwenzangu, ukiazimwa kanga, unaitia jina lako pindoni?"

Praxeda akasema hapana, haitii.

"Basi ndivyo alivyofanya mumeo. Na mume wangu kila akitoka msikitini anaulizwa."

Kule nje Mzee Sadalla alimngoja Laurenti amalize. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mzee Laurenti, tuambiane ukweli. Siku Mungu akikuchukua, unazikwa wapi?"

"Hapa hapa," Laurenti alisema. "Kwenye minazi yangu."

Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Miraji alitazama darini. Mwinyijuma aliinamisha kichwa, akaanza kuchambua ukindu uliochomoka mkekani. Sadalla alisema vizuri, amewasaidia, kwa kuwa kaburi na mnazi vikikutana mahali pamoja hapana tena maneno. Akampa mpaka Jumatatu. Miche itoke, au atoke yeye na miche yake.

Njiani kurudi Praxeda alitembea nyuma ya mumewe. Goti lilimuuma, lakini hakumwambia apunguze mwendo. Laurenti alisema mara mbili kuwa hata mitume walifukuzwa mijini.

*

Jumamosi mchana Rafaeli alifika kwa baiskeli, kaptura yake ya ukarani imejaa vumbi jekundu. Alikuwa karani bandarini, na nyumba ya Mabawa sasa ilikuwa yake na mkewe, Lea. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga sanduku, na ndani yake mlikuwa na taa ya karabai, mpya, kioo chake kimeviringishwa gazeti.

Praxeda aliipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano, na kibatari walichotumia kilimtia moshi tu. Aliiweka juu ya kinu, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Rudi nayo," Laurenti alisema.

"Baba, ni taa tu."

"Najua ni taa. Taa nazijua kuliko wewe."

Rafaeli alikaa kwenye gogo, akavua viatu, akavigonga mchanga. Habari za wazee zilikwisha kumfikia sokoni, mjini habari hazilali. Alisema anaona haya. Kazini watu wanamuuliza kama amewafukuza wazazi wake, wengine wanasema baba yake amerukwa na akili, na paroko mwenyewe ameuliza mama anapataje kuja Misa na goti lile. Kwa hiyo amekuja kuwachukua. Nyumba ni yao.

Praxeda akauliza, "Chumba chetu kipo?"

Rafaeli alisita. Alieleza kuwa chumbani Lea ameweka cherehani, tena mdogo wake amekuja kutoka Muheza anasomea ukunga, ndiye analala humo. Lakini hiyo si shida. "Tutawawekea pazia sebuleni, mama. Zito, zuri. Lea amekwisha kulichagua."

"La rangi gani?"

"Kijani."

Praxeda aliitikia kwa kichwa, kama rangi ndiyo iliyokuwa neno. Alipoletwa Mwanyungu alilia wiki nzima. Alichukia kisima cha maji ya chumvichumvi, alichukia mbu, alichukia watoto waliokuja kuchungulia mlangoni kumwona akipiga ishara ya msalaba. Lakini vuli ilipita, akavuna kunde alizopanda kwa mkono wake, akampelekea Mwamvua bakuli, na bakuli likarudi na samaki. Sasa alikuwa na jirani wa kumwita. Alikuwa na mlango ambao akiufunga umefungwa. Mwanamke wa miaka hamsini na minane hawezi kuvua nguo nyuma ya pazia huku mkwewe akipita kwenda jikoni.

Akamgeukia mumewe. "Baba Rafaeli, ing'oe hiyo miche tukae kwa amani."

"Siing'oi."

"Basi turudi mjini."

"Sirudi."

"Uliniambia tunakuja huku kuacha vyote. Hii mbona huiachi?"

"Hii si mali. Hii ni sadaka."

"Sadaka kwenye shamba la mtu," Praxeda alisema. "Nyumba uliitoa bila kuniuliza. Na hii unaishika bila kuniuliza. Mimi katika huo umaskini wako nipo wapi?"

Rafaeli alijifanya anafunga kamba ya baiskeli. Laurenti aliingia ndani, akatoka na Injili, akakaa kivulini akaifungua, na kwa muda mrefu hakugeuza ukurasa. Jioni ilipokaribia Rafaeli aliaga. Taa ya karabai alirudi nayo. Praxeda alimsindikiza mpaka njia ya Pangani, akamwambia amsalimie Lea, na lile pazia wasilishone kwanza.

*

Jumapili alfajiri Laurenti alivaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo, akamngoja mkewe. Praxeda alisema goti. Haikuwa uongo, ila haikuwa sababu. Alimtazama mpaka akapotelea kwenye kona ya mihogo, kisha akaenda nyuma ya nyumba akachukua jembe.

Alianza na Petro kwa kuwa ndiye aliyeonekana na kila mpita njia. Alidhani ni kazi ya kuvuta tu. Lakini miezi mitatu ilikuwa imepita tangu masika, mizizi ilikuwa imetoboa makumbi na kushika udongo, na ilimbidi achimbe pande zote nne, apige magoti juu ya kanga aliyoikunja, akate, avute, apumzike. Mizizi ilikatika kwa sauti ya kamba mbichi. Kila mche ulipotoka aliubeba kama mtoto, akaulaza chini ya upenu, akarudi kwa mwingine. Hakutaka kuwataja majina, lakini majina alikuwa ameyasikia kila asubuhi na yalikuja yenyewe. Jua lilipokuwa juu ya minazi mikubwa ya jirani alikuwa ameng'oa minane, na kanga yake imelowa jasho mpaka mgongoni.

Alikuwa akimalizia wa tisa, Yakobo wa Alfayo, aliposikia hodi. Walikuja watatu, Mwinyijuma, Mzee Sadalla na Miraji, wamevaa kanzu safi kama watu wanaokwenda kuposa. Mwinyijuma aliona miche chini ya upenu. Akakaa pale pale njiani, juu ya mchanga, na kanzu yake nyeupe.

"Mama Rafaeli," alisema. "Umefanya nini?"

"Nimefanya mlilosema."

Mwinyijuma alimweleza kwa shida, akipumzika katikati ya maneno. Siku mbili amewapigia wazee magoti. Amesema Laurenti ni mtu aliyeshika waya juu ya nguzo ili yeye asiangukiwe, siku ambayo wangekufa wote wawili. Jana usiku wakakubali. Walikuwa wanakuja leo kwa jambo jepesi tu: Laurenti aseme mbele ya watu wawili kuwa ardhi ni ya akina Mwinyijuma, na miti iwe yake mpaka kufa kwake, kisha irudi kwenye shamba. Mambo kama hayo hufanyika. Watu wengi Mwanyungu walikuwa na mti kwa masharti hayo.

Praxeda alisimama na jembe mkononi. Alitaka kuuliza kwa nini hawakuja usiku ule ule, kwa nini hawakutuma hata mtoto, lakini pumzi haikutosha. Alisema tu, "Hatukujua."

"Hamkuuliza," Miraji alisema. Kisha akaenda chini ya upenu, akainua mche mmoja, akautazama mizizi. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Hata mimi nisingeing'oa. Mnazi uliokwisha shika."

Akavua kanzu, akaitundika kwenye kijiti, akabaki na shuka. Alisema inaweza kupona minne au mitano kama itarudi ardhini sasa hivi na kupata maji. Mzee Sadalla akamtazama, akafikiri, akasema na iwe hivyo, ila waelewane: mkono unaopanda sasa ni wa Miraji, mtoto wa shamba. Hapo hapana tena mkataba wa Laurenti kushika miti mpaka kufa kwake. Praxeda alichukua debe akaenda kisimani.

Laurenti alirudi alasiri, viatu mkononi, amechoka na njaa ya kufunga kabla ya Komunyo bado tumboni, maana hakutaka kununua chochote mjini. Alichokiona kwanza ni mgongo wa Miraji, uchi, umeinama pale alipokuwa Petro. Akatupa viatu.

"Mwizi wewe. Jumatatu haijafika."

Miraji hakuinua kichwa. Laurenti alimshika bega, akalivuta, na kijana akayumba, magoti yake yakaingia kwenye udongo wenye maji. Mwinyijuma alikwisha fika katikati yao.

"Muulize mkeo," alisema.

"Nimeng'oa mimi," Praxeda alisema kutoka kisimani, debe kichwani. Akaja mpaka mbele yake, akalitua. "Miche kenda. Huyu anairudisha. Wewe ungefukuzwa na mimi ningelala sebuleni kwa Lea. Nimeng'oa mimi."

Akamweleza yote, mbele ya watu, pamoja na yale ya mkataba ambao ungekuwa wao lau angengoja saa chache. Hakujipunguzia. Laurenti alisikiliza akiwa ametazama mikono ya mkewe, iliyochubuka vidoleni. Hakumwomba Miraji radhi. Alichofanya ni kuliokota jembe la kijana lililoanguka, akampa.

Mzee Sadalla alikohoa. "Ile mitatu ya mwisho bado ina mkono wako, mzee."

Laurenti alielewa. Alikwenda mpaka kichaka cha mikoko, akapiga magoti na koti lake la kanisani, akaanza kuchimba kwa vidole. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu haikuwa kazi ya kusaidiwa. Tadeo alitoka. Simoni alitoka. Matiya alikuwa mfupi kuliko wote, na ndiye aliyesumbua, mzizi wake ulipita chini ya jiwe. Alipong'oka alimshika kifuani kidogo, udongo ukimwagikia koti, kisha akampa Miraji. Miraji alimpokea kwa mikono miwili, kama wanavyopokea watu wa pwani kitu chochote kutoka kwa mkubwa.

"Sema sasa," Sadalla alisema.

"Ardhi si yangu."

"Na miti?"

"Na miti si yangu."

"Na lile la kaburi?"

Laurenti alitazama chini. Alikuwa amechagua mahali, Praxeda alijua, hata upande wa kichwa alikuwa ameupima kwa hatua. Mwinyijuma aligeuka akawapa mgongo, akijifanya anatazama mawingu.

"Na kaburi si hapa," Laurenti alisema.

"Basi kaeni," Mzee Sadalla alisema. "Limeni. Hapana mtu wa kuwagusa." Wakanawa mikono, Miraji akavaa kanzu, wakaaga wote mmoja mmoja, na Miraji akapita mwisho akisema shikamoo kwa sauti ya kawaida. Laurenti akaitika.

Mvua za mchoo, zile za katikati ya mwaka, zilikuwa zinakuja kutoka upande wa bahari, nyembamba, za kijivu. Uani kulikuwa na jamvi lenye kunde zilizoanikwa tangu asubuhi, zimesahauliwa. Praxeda alikimbilia, akashika ncha mbili.

"Njoo ushike huku," alisema.

Alikuja polepole. Akashika upande wa pili, wakainua, wakaenda kiupande kuelekea mlangoni, Praxeda mbele, mumewe nyuma. Kizingitini upande wa Laurenti ulishuka, na kunde zikamwagika mpaka nje. Praxeda aliingia na zilizobaki. Alipogeuka kuutafuta mlango aufunge, mumewe alikuwa bado nje, amechutama mvuani, akiziokota moja moja na kuzitia mfukoni mwa koti.